Mfuko wa Shule ya Sita

Hamasato, 12 Aprili 2017

Kwa Baba Kuwabara na Mama Fusae,

Mimi mzima, kikohozi kimeniacha njiani. Nyinyi je? Goti la Mama linaendeleaje? Na ile theluji ya nyuma ya nyumba imeyeyuka, au bado mnaitumia kama jokofu?

Nimeshaanza kazi ya kufundisha Kiingereza. Ofisi ya elimu imenipa shule sita: nne za msingi na mbili za kati. Jumatatu niko Minato, Jumanne Kitahama, na kadhalika mpaka Ijumaa, ambayo shule mbili zinapokezana. Nimehesabu wanafunzi: elfu moja mia moja na arobaini. Okunogi, Baba, mimi na wewe tulikuwa na watano, na kwa sababu walikuwa watano shule ikafungwa. Kila shule hapa ina meza yangu, na kila meza ina vitu vya mtu mwingine.

Shida yangu ni viatu. Shule sita, milango sita, na Japani hii kila mlangoni lazima nivue vya nje nivae vya ndani. Ninavyo jozi moja, ninavibeba kwenye mfuko wa plastiki. Jana naibu mkuu wa Kitahama aliutazama ule mfuko akasema, "Mwalimu Nenita, umepitia sokoni?" Ofisi nzima ikacheka. Wiki iliyopita nilivisahau shule ya Jumatano, Alhamisi nikafundisha vipindi vitatu na ndara za kijani za wageni. Zilinivuka kwenye ngazi, moja ikamwangukia mtoto wa darasa la kwanza. Hakulia. Aliniletea kwa mikono miwili.

Kuna jambo linaniuma. Siku ile ya kuondoka, Mama alikuwa amepika wali wa maharage mekundu, nami sikuingia ndani kwa kuwa basi lilikuwa linanguruma na kwa siku ni moja tu. Nilimwona dirishani na kifuniko cha chungu mkononi. Nitakuja Novemba kuwasaidia kutundika figili zikauke kabla ya kutiwa chumvi, na huo wali nitaula. Ninaahidi.

Binti yenu,
Nenita

*

Okunogi, 21 Aprili 2017

Kwa binti yetu Nenita,

Barua yako ilifika tarehe 15, nasi tunaendelea vizuri. Theluji ya nyuma imebaki kiasi cha beseni moja. Nimechelewa kujibu kwa sababu Kiingereza changu ni cha kamusi na kamusi ilikuwa juu ya kabati.

Nilimsomea Fusae barua yako wakati wa chai. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Anavibeba kwenye mfuko gani?"

"Wa plastiki. Ndivyo alivyoandika."

"Wa dukani? Ule wa kutilia vitunguu?"

"Hakutaja vitunguu."

"Na wewe umesoma hayo na bado unakunywa chai!"

Akainuka kwenda kutafuta vitambaa. Ameamua kukushonea mifuko sita ya viatu, kila shule na wake, kila mmoja na rangi yake, usivisahau tena. Anataka umwandikie kila shule iko wapi: karibu na bahari, karibu na mlima, karibu na nini. Nilimwambia mfuko hauna haja ya kujua shule iko wapi. Akanijibu, "Ndiyo maana ulikuwa mkuu wa shule, hukuwa fundi."

Jengo la shule wamepewa wakulima wa uyoga kama ghala. Hakuna aliyezima kengele. Bado inalia saa mbili na dakika ishirini na tano kila asubuhi, na mimi bado ninasimama.

Kuhusu wali, Fusae anasema basi ni basi. Lakini Novemba ameshaizungushia duara kwenye kalenda.

Baba yako,
Kuwabara Seiichi

(Pembeni, kwa mwandiko mwingine, herufi kubwa moja moja: KULA VIZURI. MAMA.)

*

Hamasato, 18 Juni 2017

Kwa Baba na Mama,

Natumaini mvua hizi hazijalifanyia goti la Mama ubaya. Hapa kila kitu kina ukungu, hadi chaki. Mimi sijambo.

Mifuko mitano imefika! Wa kijani Minato, wa njano Kitahama, na mingine kama Mama alivyoipanga. Sijakosea viatu hata siku moja. Yule naibu mkuu aliushika wa njano, akaugeuza ndani nje, akatazama mshono, akauliza, "Nani amekushonea?" Nikasema mama yangu. Akasema, "Huko Ufilipino?" Nikasema, hapana, Okunogi. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa.

Watoto ni wazuri ila hatujuani. Kila darasa ninaliona mara moja kwa wiki mbili, mengine kwa mwezi. Ninapokula nao chakula cha mchana wananihoji upya kila mara.

"Mwalimu, una mume?"

"Sina."

"Una mbwa?"

"Sina."

"Sasa ukirudi nyumbani unazungumza na nani?"

Nilimwambia mtoto huyo ninaandika barua. Akasema hiyo si kuzungumza.

Mnisalimie kengele.

Binti yenu,
Nenita

*

Okunogi, 9 Julai 2017

Kwa binti yetu,

Hapa joto ni digrii 31 kivulini. Mimi nina afya. Fusae siku hizi anashona asubuhi tu, anasema macho yanachoka.

Umesahau kumweleza Aosaki, shule yako ya sita. Mitano ameimaliza kwa maelezo ya kadi yako ya Mei, lakini kuhusu Aosaki uliandika tu "kule mbali". Hawezi kuchagua kitambaa kwa "kule mbali". Anauliza: kuna nini pale? Bahari? Misonobari? Ina rangi gani?

Jibu hata kwa kadi.

Baba yako,
Kuwabara

(Pembeni: AOSAKI RANGI? MAMA.)

*

Hamasato, 30 Oktoba 2017

Kwa Baba na Mama,

Hamjambo? Goti je, na baridi imeanza? Mnisamehe, nimekaa kimya tangu Juni. Likizo niliitumia kwenye kambi ya Kiingereza ya ofisi ya elimu, na Septemba zilikuja siku za michezo za shule sita, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Barua ya Julai niliiweka kwenye meza ya Minato ili niijibu Minato, kisha kila Jumatatu ikawa na jambo lake. Aosaki iko kwenye rasi. Bahari ni ya kijivu, na kuna mnara mweupe wa taa. Kama Mama bado hajakata kitambaa, achukue kijivu au buluu, chochote.

Sasa habari mbaya. Novemba siwezi kuja. Tarehe 12, Jumapili, kuna shindano la wanafunzi la kuhutubia kwa Kiingereza, na msichana mmoja wa Minato ameniomba nimsindikize. Jumapili nyingine zimejaa mazoezi. Nilifikiri kumkatalia, nikashindwa. Ninajua figili hazingoji. Nitakuja majira ya kuchipua, bila kukosa. Mama asinikasirikie.

Binti yenu,
Nenita

*

Hamasato, 28 Desemba 2017

Kwa Baba na Mama,

Heri ya mwaka mpya! Mwaka wa furaha na vicheko kwenu wawili!

Kadi yenu ilinifikia mwanzoni mwa Desemba, mapema kuliko kadi za watu wote. Nilicheka peke yangu: ni Baba huyu, hata mwaka mpya anauwahi kabla kengele haijalia. Ni nzuri sana, yale maua ya zambarau na maandishi ya kijivu. Sikuweza kusoma Kijapani chake zaidi ya jina lenu, mnanijua. Nimeibandika ukutani juu ya meza, ninaitazama ninapopiga mswaki.

Mwambie Mama aandae chungu. Mwaka huu wali wa maharage mekundu hautaniponyoka.

Binti yenu mwenye furaha,
Nenita

*

Okunogi, 16 Januari 2018

Kwa binti yetu Nenita,

Pokea salamu za siku za baridi kali. Theluji ilifika sentimita 84 kwenye kigingi cha uwanja wa shule, kipimo cha leo asubuhi. Mimi ninakula na ninalala.

Kadi yako ilifika tarehe mosi kabla ya saa nne. Niliisoma mara mbili, kisha nikaisoma kwa sauti.

Figili nilizitundika mwenyewe, thelathini badala ya sitini. Nilizidisha chumvi. Jirani, Bi Ogata, alionja kipande kimoja akasema, "Mwalimu, hizi zitatuzika sisi, zenyewe zibaki." Nimemgawia kumi.

Unamuulizia Fusae. Yuko karibu na dirisha, pale anapopapenda.

Baba yako,
Kuwabara

*

Hamasato, 11 Februari 2018

Kwa Baba,

Shikamoo, na pole na theluji. Mimi sijambo, ingawa shule mbili zimefunga madarasa kwa mafua. Goti la Mama je? Baridi hii najua linamtesa.

Nina swali, nawe unijibu bila kunizunguka. Zamani Mama alikuwa haachi kuongeza maneno yake pembeni mwa barua, hata mawili. Safari hii hakuna. Amenikasirikia? Ni kwa sababu ya figili, au kwa sababu sikumjibu kuhusu Aosaki? Nilijaribu kumpigia simu nikaikata kabla haijaita, kwa kuwa sina Kijapani cha kutosha kuomba radhi, na yeye hana Kiingereza cha kunigombeza. Ana haki. Nimewapa watoto elfu moja mia moja na arobaini kila Jumapili yangu, na hata siku moja sikuwapa nyinyi wawili.

Nitakuja Jumapili, tarehe 25 Machi, mahafali yakiisha. Tafadhali mwambie. Nitamletea maembe makavu ya kwetu Iloilo, yale aliyokuwa akiyaficha ili wewe usiyaone. Nitamwomba msamaha mwenyewe, uso kwa uso, nikiwa na chakula mdomoni.

Binti yako,
Nenita

*

Okunogi, 24 Februari 2018

Kwa binti yetu,

Mimi mzima. Theluji, sentimita 60.

Hajakukasirikia. Hilo ninalisema kwa uhakika kamili. Goti halimsumbui tena. Maembe, nilikuwa ninajua yalipokuwa.

Njoo tarehe 25. Basi ni lilelile, linafika saa tano na dakika kumi. Nitakuwa kituoni.

Baba yako,
Kuwabara

*

Hamasato, 14 Machi 2018

Baba,

Sijui nianze na salamu gani, kwa hiyo nitaeleza jambo kama lilivyotokea.

Jana, Jumanne, nilikuwa Kitahama, kipindi cha tatu, darasa la tano. Watoto walikuwa wanawaandikia kadi za shukrani wenzao wa darasa la sita wanaomaliza. Nilichukua kadi kumi nilizowahi kupokea, niwaonyeshe mifano. Nilikuwa ninainua moja moja, wao wanapiga kelele kubahatisha imetoka kwa nani. "Bibi!" "Mchumba!" "Mwalimu hana mchumba, hana hata mbwa!" Ya saba ilikuwa yenu. Niliiinua kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote.

Wakanyamaza. Watoto thelathini na mmoja.

Msichana mmoja wa mbele, Kotoha, akasema, "Mwalimu, hiyo si ya sherehe."

"Ni ya nini?"

Alimtazama mwalimu wa darasa, Bwana Igarashi. Yeye akaja, akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo kabla ya kuisoma, na hapo nikaanza kuelewa. Aliniambia kwa Kiingereza, polepole, neno baada ya neno. Mke wa mtumaji. Jina lake Fusae. Tarehe 9 Septemba. Miaka sabini na moja. Nyumba iko kwenye msiba, kwa hiyo inaomba isitumiwe salamu za mwaka mpya.

"Uliwatumia?" akaniuliza.

"Niliwatumia."

Kotoha akauliza, "Uliandika nini?"

"Kotoha, kaa chini," akasema Bwana Igarashi.

Nilimaliza kipindi. Nikala chakula cha mchana na darasa la pili, kwa kuwa ratiba ilisema darasa la pili. Kisha nikahesabu. Nilipoandika kwamba siwezi kuja kutundika figili, Mama alikuwa amekufa kwa siku hamsini na moja. Nilimwambia achukue kitambaa chochote. Nilikutakia wewe furaha na vicheko. Kadi ya msiba wake niliibandika ukutani, nikawa ninapiga mswaki mbele yake miezi mitatu. Kwenye lile shindano, msichana wa Minato alikuwa wa saba kati ya tisa.

Kwa nini hukuniambia? Uliandika kwamba yuko karibu na dirisha. Uliandika kwamba goti halimsumbui.

Sijui kama bado ninafaa kuja.

Nenita

*

Okunogi, 18 Machi 2018

Kwa binti yetu Nenita,

Nimeipokea barua yako. Mimi mzima. Nitajibu kwa mpangilio.

Ugonjwa ulikuwa wa kongosho. Daktari alituambia tarehe 20 Julai. Siku hiyohiyo, tukiwa ndani ya gari, Fusae aliniambia, "Usimwandikie mtoto." Nikamwambia una haki ya kujua. Akasema, "Ana shule sita. Akija kunitazama, watoto gani wakae bila mwalimu? Aje Novemba kama alivyosema, nitakuwa nimenenepa." Nilimtii. Kutoka siku ile hadi mwisho zilikuwa wiki saba.

Hukuniandikia Agosti wala Septemba. Sikulaumu kwa hilo, ninataja tu. Yeye alikuwa anauliza kila asubuhi kama mtu wa posta ameshapita, kwa ajili ya rangi ya Aosaki. Ungetaka nikufiche hili pia, lakini umeniomba nisikuzunguke.

Barua yako ya Oktoba ilifika siku tano baada ya kuzika majivu yake. Sikujua nikujibu nini. Nikasema kadi ya msiba itakujibu. Nilichapisha kadi mia moja na ishirini kwa mchapaji wa mjini, zote maneno yaleyale. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minane, na nikampelekea maandishi mtu ambaye ninajua fika hawezi kuyasoma, bila kumwandikia hata mstari mmoja kwa mkono. Kosa hilo ni langu, si lako.

Sasa lile lililo gumu zaidi. Kadi yako ya mwaka mpya ilipofika nilielewa papo hapo kwamba hukujua. Nilichukua kalamu na karatasi nikueleze. Nikaandika kuhusu theluji.

Tangu Septemba watu wa hapa wananiuliza mimi: Mwalimu, unakula? Mwalimu, unalala? Wananiletea vyakula kwenye bakuli zilizofunikwa. Yeye hakuna anayemuuliza, na ni sawa, ndivyo inavyokuwa. Ila barua zako ziliuliza. Goti la Mama je? Amenikasirikia? Mwambie aandae chungu. Nilizisoma kwa sauti mbele ya picha yake, ambayo iko karibu na dirisha. Sikuandika uongo hata mahali pamoja, nilipima kila sentensi. Lakini nilijua utasoma nini. Nilitaka zije barua mbili au tatu zaidi za namna hiyo. Huo ndio ukweli, na haunipi sifa.

Mfuko wa sita upo. Kwa kuwa hakujua rangi, alikata aproni yake, ile ya buluu iliyopauka. Ameshona pande mbili. Upande wa tatu umefika katikati na sindano imo. Mwanangu wa kiume alitaka kuiondoa isije ikamchoma mtu. Nilimkataza.

Tarehe 31 ninahamia kwake Okayama, na nyumba itafungwa. Wali wa maharage mekundu hautakuwepo. Ni chakula cha furaha, na wala sijui kuupika. Kutakuwa na figili za chumvi. Wewe hujui kushona na mimi sijui, kwa hiyo mshono utakuwa mbaya.

Basi linafika saa tano na dakika kumi. Nitakuwa kituoni kama nilivyoandika.

Baba yako,
Kuwabara Seiichi

*

Aosaki, Ijumaa, 13 Aprili 2018

Kwa Baba, na kwa Mama,

Ninaandika kwenye meza ya Aosaki, kabla ya kipindi cha kwanza. Mimi sijambo. Baba, umeizoea Okayama? Huko nani anakusimamisha saa mbili na dakika ishirini na tano?

Nimetundika mfuko wa buluu mlangoni, kwenye ndoano yangu. Ule mshono wetu umepinda kama njia ya mbuzi, na kiatu cha kushoto kinachungulia. Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliusimamia muda mrefu akauliza, "Mwalimu, mbona huku ni kuzuri na huku ni kubaya?" Nikamwambia huku alishona mtu anayejua. Akauliza, "Si angemalizia tu?" Kengele ikalia.

Bahari leo si ya kijivu. Ni buluu iliyopauka, ile ile kabisa. Ningeweza kuwaandikia hivyo Julai, kwa kadi moja.

Goti la Mama linaendeleaje?

Binti yenu,
Nenita